Admini, onyo lako linamfukuza asiyekosa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na maadmini wenzetu wa vikundi vya WhatsApp, hasa wa huku Lamu, ambako siku hizi habari ya maiti, boti ya kwenda Mokowe, mchango wa harusi na maji ya mfereji kukatika hufika simuni kabla ya kufika barazani. Sheria za vikundi hatuna ugomvi nazo. Kikundi cha watu 600 kisicho na sheria hugeuka mnada. Neno letu ni juu ya onyo lenyewe: linavyoandikwa, linakoandikwa, na kwa nini maonyo mengi humkera asiye na kosa na kumwacha mwenye kosa alivyo.

Tulichukue onyo moja la kawaida. Halina mwenyewe, kila msomaji amewahi kuliona, liwe limetoka kikundi cha wazazi wa madrasa au cha mabaharia:

“ONYO LA MWISHO!!! Kuna watu humu hawana adabu. Mara ngapi tuseme? Hili si grupu la upuzi. Asiyetaka kufuata sheria mlango uko wazi.”

Haya, “la mwisho”: la kwanza lilitolewa lini, na nani alilipata? Mara nyingi halikutolewa. Admini alinyamaza mara nne, akaumia moyoni mara nne, ya tano ikamwagika. Yeye anahesabu maonyo aliyoyasema kimoyomoyo, wanachama hawakuyasikia hata moja.

“Kuna watu humu” ndiyo sumu yenyewe. Aliyetuma video ni mmoja. Waliobaki 599 kila mmoja anajipapasa: ni mimi? Mwenye haya zake, yule anayeandika mara moja kwa mwezi kusema boti ya saa 1 imechelewa, anajiona ndiye. Aliyekosa kweli ama hajijui, maana hakutajiwa video yake, ama anajijua na anajificha ndani ya huo wingi. Na “upuzi” ni upi? Video ya ajali, tangazo la friji, au ile dua ndefu iliyoletwa mara tatu? Mtu hawezi kuacha jambo asilotajiwa.

“Mlango uko wazi” basi ndiyo balaa. Tangu 2022 WhatsApp haitangazi tena kwa kikundi kizima mtu anapojitoa. Wanaoarifiwa ni maadmini peke yao. Kwa hiyo nahodha aliyekuwa akileta habari za bahari kusi linapochachamaa anaondoka kimya, na watu hawajui kwamba hayupo mpaka siku wanayomhitaji. Msumbufu haondoki. Msumbufu kikundi anakipenda, ndiyo maana hanyamazi.

Sasa kosa lile lile liandikwe upya, kwa aliyekosa peke yake:

“Salaam aleikum Mzee wangu. Ile video ya ajali uliyoileta jana saa 4 usiku inaonyesha damu barabarani, na humu mna watoto wanaofuata ratiba ya madrasa kwa simu za mama zao. Naomba uifute: ibonyeze kwa muda, gusa alama ya pipa, kisha chagua kufuta kwa wote. Ukiona tabu niambie nikufutie. Shukran.”

Ameambiwa ujumbe upi, wa saa ngapi, una madhara gani, afanye nini, na kwa njia gani. Hakuambiwa yeye ni mtu wa aina gani. Hapo ndipo tofauti ilipo. Video inaweza kufutwa kwa dakika moja, lakini mtu aliyeitwa asiye na adabu hana kitufe cha kubonyeza. Litakalombakia ni kujitetea, na atajitetea hapo hapo mbele ya watu, na jioni nzima imekwenda.

Kumfikia faraghani si kazi. Kwenye simu nyingi unabonyeza ujumbe wake kwa muda, unafungua vidoti vitatu vya juu, na humo kuna sehemu ya kujibu kwa faragha. Unapelekwa inboksi yake na ujumbe wake umenukuliwa juu, hivyo hakuna kubishana ni video ipi. Mpe nafasi aifute mwenyewe. WhatsApp inampa mtu zaidi ya siku mbili kufuta alichotuma, na akifuta mwenyewe kikundini inabaki alama tu kwamba ujumbe umefutwa. Ukifuta wewe, kila mtu anasoma kwamba umefutwa na admini, jina lako likiwa pale pale. Wengi wetu hatulifikirii hili: kufuta kwa mkono wa admini tayari ni onyo la hadharani, hata kama hukuandika neno. Ukifuta kisha ukaongeza na maneno makali umempiga mtu mara mbili kwa kosa moja.

Hapa tukae kidogo na Kiswahili chetu, maana kina ngazi ambazo admini mwenye haraka huziruka. “Futa!” ni amri, na amri kavu mtu mzima huambiwa na askari. “Uifute” imepungua makali. “Naomba uifute” ndiyo ya kawaida kwa watu wanaoheshimiana, na inatosha kwa kazi nyingi. “Ungeifuta” ni laini zaidi, inamfaa mzee, ila kijana anaweza kudhani ni ushauri tu na akauacha. “Mnaombwa” inanukia ubao wa ofisi. Haina mwombaji, na msomaji anajua kuna mtu amejificha nyuma yake. “Acheni” ina ile -ni ya mwisho inayowazoa wote, wakosaji na wasio wakosaji, kama jarife linavyozoa hata samaki usiowataka.

Na “tafadhali” isituhadae. “Tafadhali naomba” ni adabu. “Jamani tafadhali!!!” ni ukali uliovaa kanzu. Vivyo hivyo “wewe” mwanzoni mwa sentensi: “Wewe Ali, futa hiyo” ni ugomvi tayari, ilhali “Ali, naomba ufute hiyo” haina neno.

Maswali yaondoke kabisa ndani ya onyo. “Kwani hujui kusoma?” “Si nilisema?” “Mara ngapi tuseme?” Hakuna hata moja linalotaka jibu, na mtu akijibu unamwona mjeuri. Na kuna neno moja la kuogopwa kuliko yote: “nisione”. “Nisione tena mtu ameweka picha za siasa humu.” Hiyo ni kauli ya mzazi kwa mtoto wa miaka 7 aliyechezea kibiriti. Mtu wa miaka 60 akiandikiwa “nisione” na kijana aliyemjua akiwa na jino moja, hasikii kanuni ya kikundi, anasikia utovu wa nidhamu wa mtoto wa jirani. Dawa yake ni ndogo: ondoa nafsi yako, taja kanuni. “Picha za kampeni hatuweki humu, ni kanuni ya tatu.” Kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027 sentensi hiyo itahitajika sana, bora maadmini waizoee mapema.

Kanuni yenyewe iwepo lakini. Ujumbe uliobandikwa juu ya kikundi hukaa saa 24, siku 7 au siku 30, kadiri ulivyochagua, kisha hushuka. Admini anabandika sheria mwezi wa kwanza, mwezi wa nne anamkaripia mtu “sheria ziko pale juu”, na pale juu hakuna kitu. Ziandike kwenye maelezo ya kikundi, ambako haziondoki, na zisizidi mistari saba. Nani atasoma ishirini?

Umri na jinsia vina uzito wake, na huku pwani tusijifanye havipo. Mzee wa Siyu au Faza aonywe na mtu wa rika lake, hata kama si admini; mwambie huyo, naye atafikisha. Mwanamke aonywe na admini mwanamke. Ule ushauri wa “mfuate inboksi” ukitekelezwa na mwanamume saa 5 usiku kwa mke wa mtu, nia ikiwa njema namna gani, umezua kosa kubwa kuliko lile uliloendea. Kikundi chenye kinamama 200 na maadmini wanne wote wanaume kimejitengenezea tatizo kwa mikono yake. Ateuliwe Bi mmoja au wawili wanaoaminika, na wapewe mamlaka kamili, si ya kupamba orodha.

Wako pia wanachama ambao kusoma kunawatatiza, na kwao ujumbe wa sauti ni bora kuliko maandishi. Rekodi umeketi, pahali pametulia, sekunde 30 zinatosha, uanze kwa salamu na jina lake la heshima. Usirekodi ukiwa unatembea ufukweni au umepanda motaboti. Ili usikike juu ya injini utapaza sauti, na sauti iliyopazwa, ikisikizwa ndani ya nyumba iliyotulia, ni ugomvi hata kama ulikuwa unaomba.

Si kila kosa lina sauti moja. Picha za maua za “asubuhi njema” na matangazo ya biashara ni kero, hayana haraka. Ikiwa ni usiku, lala. Mwandikie mtu asubuhi. Admini anayeonya saa 6 usiku kwa sababu ya ua la waridi ndiye anayehitaji kulala. Picha ya maiti, nambari ya simu ya mtu iliyomwagwa bila idhini yake, au tusi, hayo yafutwe bila kungoja, kisha umfuate mhusika. Ukikuta ni watu wawili wanaotukanana, usiamue nani alianza mbele ya kikundi. Kila mmoja peke yake, sentensi zile zile kwa wote wawili, neno kwa neno, kwa sababu watalinganisha.

La uvumi wa usalama ni mbali na hayo yote. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ujumbe wa “barabara ya Witu imefungwa, wamepiga tena” unaweza kumfanya mtu aahirishe safari ya hospitali. Huo hufutwa kwanza, maneno baadaye, na hapa ndipo kikundi kizima lazima kiambiwe, kwa sababu wameshausoma. Lakini angalia unachosema. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe na maneno ya kwamba umesambazwa mara nyingi, maana yake umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kufika hapo. Aliyeuleta kwenu si mtunzi, ni mtu aliyeogopa kama mtakavyoogopa nyinyi. Kumwita mwongo ni kumkosea. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara moja, na bado unafika kila kona. Andika hivi:

“Ujumbe wa saa 3 usiku kuhusu barabara ya Witu tumeufuta. Tumempigia dereva aliyeko njiani sasa hivi, barabara inapitika. Aliyekwisha kuutuma kwingine tunaomba aufute huko pia.”

Hamna jina la mtu. Kuna saa, kuna jambo, kuna jinsi mlivyohakikisha, na kuna la kufanya. Bila shaka mpige simu kweli kabla ya kuandika kwamba mmepiga.

Hapo ndipo baadhi ya maadmini huchomoa sheria ya nchi. Wanabandika picha ya pingu na “milioni 5 au miaka 10 jela”. Takwimu hizo wamezitoa kwenye kifungu cha 23 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, kama kilivyopitishwa 2018, ambacho kilimkabili anayechapisha habari za uongo huku akijua ni za uongo, za kuleta taharuki au fujo. Bibi aliyesambaza kwa hofu hakujua. Kumtishia jela hakumfundishi kuuliza kabla ya kusambaza. Kunamfundisha kutosema kitu hata siku atakayoona jambo la kweli.

Kufunga kikundi, ile ya kuweka maadmini tu ndio waandike, ni dawa nzuri ugomvi unapowaka, ila ina masharti mawili. Sema kwa nini, na sema utafungua lini: “Tunafunga hadi baada ya Isha, watu wapoe. Mwenye habari ya msiba au ya boti amtumie admini yeyote, itawekwa.” Ukifunga kimya, mtu mwenye maiti nyumbani atahangaika na simu, anajaribu kuandika na haandikiki, akidhani ametolewa. Na usikitumie kipindi hicho kuandika mahubiri ya aya sita ilhali wengine wamezibwa midomo. Hilo linaudhi kuliko ugomvi wenyewe.

Sasa tuseme lile ambalo maadmini hawapendi kulisikia. Mvuvi wa Kizingitini akiweka picha isiyotakiwa anaandikiwa kwa herufi kubwa. Mwakilishi wadi au tajiri wa mji akiweka ile ile, inakuja: “Mheshimiwa, samahani kwa kukusumbua, huenda kanuni yetu ya tatu ilikupita, tunaomba utuwie radhi.” Basi lugha laini wanaijua. Wanayo, imekunjwa kabatini, inavaliwa siku za wageni. Kipimo ni rahisi sana: kabla hujabonyeza kutuma, weka jina la mkubwa mmoja unayemwogopa mahali pa jina la huyo unayemwonya, usome tena. Ukiona huwezi kumtumia yeye, basi usimtumie na huyu. Hatusemi mheshimiwa aandikiwe ukali ili mambo yawe sawa. Mvuvi naye apewe ile samahani.

Mtu akikujibu kwa hasira, jibu mara moja tu: “Nimekusikia. Tuonane kesho baada ya alasiri tuzungumze.” Usiandike la pili. Njia za mji wetu ni nyembamba; punda wa mchanga akipita mnabanana ukutani bega kwa bega, na wewe jana ulimwita mpuuzi mbele ya watu 600. Maadmini wa mitandao ya mbali, wanaowaonya watu wasioonana nao maisha yao yote, hawana shida hiyo. Sisi tunayo, na kwa kweli ni bahati, kwa sababu nusu ya mambo haya huisha kwa kahawa.

Kumtoa mtu kuje mwisho, baada ya maonyo mawili ya faragha yaliyoandikwa tarehe kwenye daftari. Daftari ni muhimu kuliko linavyoonekana: maadmini wanne wasiposhirikishana, mmoja anatoa onyo la kwanza kwa mara ya tatu huku mwingine amekwisha kumtoa mtu kwa kosa lake la kwanza. Mwambie kabla ya kumtoa, si baada: kwa nini, kwa siku ngapi, na amwombe nani kurudi. Siku 7 zinatosha kwa mengi. Kikundi kitaona chenyewe kwamba ametolewa, hivyo hakuna haja ya kuongeza “kwaheri” na stika ya mtu anayecheka. Anayeuliza aambiwe “tumeshazungumza naye” na basi.

Limebaki kosa la admini mwenyewe, maana hutokea ukamwonya asiyekosa, au ukasoma vibaya. Ulichokosea hadharani omba radhi hadharani, pale pale, kwa jina lake. Ulichokosea inboksi kimalize inboksi. Na usilifute onyo lako kimyakimya ukajifanya hukulisema. Picha ya skrini imekwisha fika Shela na kurudi.

Wasimamizi watatu wa vikundi vya simu,
Langoni, Lamu